Skrubu Tatu za Bi Robo

Kwa miaka thelathini na mmoja Bi Robo alikata vitambaa katika karakana ya kushona sare za shule. Hakushona. Kushona, alikuwa akisema, ni kazi ya mtu anayefuata mstari. Yeye ndiye aliyekuwa akiuchora huo mstari. Alisimama mbele ya meza ndefu iliyopigwa bati juu, mkasi wa umeme mkononi, vitambaa arobaini vimelazwa kimoja juu ya kingine, na akikosea pale juu, watoto arobaini watavaa kaptula zilizopinda. Mshonaji aliyemletea kipande kilichozidi au kupungua alirudishwa kwa neno moja tu: "Robo." Maana yake, umekosea robo inchi, nenda karekebishe. Wakaanza kumwita Bi Robo kwa kumteta. Akalisikia, akalipenda, likawa jina.

Karakana ilipofungwa alikuwa na miaka hamsini na saba, mgongo mzima, macho mazima kwa msaada wa miwani, na mikono isiyojua kutulia. Binti yake wa pekee, muuguzi katika mji mwingine, alimpigia simu kumwambia apumzike.

"Nipumzike nimechoka na nini?" Bi Robo akamuuliza.

Wiki ya pili ya mapumziko alipanga upya kabati la vyombo mara tatu. Wiki ya tatu alipita mbele ya duka la fundi wa mabango akaona mashine mezani inachonga ubao peke yake. Ilikuwa ndogo, ukubwa wa kitanda cha mtoto mchanga: fremu ya alumini, reli mbili pembeni, daraja linalokwenda mbele na nyuma, na juu ya daraja kigari kilichobeba mota ya kukatia. Kompyuta ya zamani ilikuwa imekaa pembeni. Bi Robo alisimama mlangoni mpaka fundi akaona aibu kumwacha amesimama.

"Inafuata mstari yenyewe?" aliuliza.

"Inafuata, mama. Ila lazima mtu auchore."

Fundi wa mabango hakujua kwamba hapo alikuwa ameshaiuza. Alikuwa akisubiri kubwa zaidi, na hiyo ndogo alitaka iende kwa mtu atakayeipenda. Kabla ya mwezi kwisha ilikuwa katika chumba cha nyuma cha Bi Robo, kilichokuwa chumba cha binti yake. Fundi alikuja Jumamosi tatu mfululizo kumfundisha kompyuta, na ya nne akakataa kuja. "Umeshanipita," alisema. "Mimi nachora herufi. Wewe unachora kama unakata koti la jaji."

Alianza na vitu vidogo: fremu za vioo, sinia, namba za nyumba. Namba aliyoibandika kwenye mlango wake mwenyewe ndiyo iliyomleta Mwalimu.

Mwalimu alifundisha hesabu katika shule ya wasioona iliyokuwa mwisho wa barabara yetu. Yeye mwenyewe alipofuka akiwa na miaka tisa. Alivaa tai kila siku ya kazi, alitembea na fimbo yake nyeupe kwa mwendo wa mtu aliyechelewa, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe. Siku moja alikuwa akitafuta nyumba ya fundi bomba, akapapasa namba mlangoni, akagundua amekosea nyumba, lakini hakuondoa mkono.

"Nani amechonga hii saba?" aliuliza Bi Robo alipofungua.

"Mimi. Kuna nini?"

"Ina kiuno kizuri. Naomba kukaa."

Akakaa, akaeleza. Wanafunzi wake walikuwa wakijifunza maumbo kwa kuhadithiwa. Mtu atakuelezaje pembetatu kwa maneno ukaielewa? Alitaka mbao za mkononi, kila ubao na umbo lake lililochimbwa vizuri, na chini yake jina kwa maandishi ya nukta nundu, yale ambayo wasioona huyasoma kwa ncha za vidole. Mbao arobaini. Mbao ngumu, maana za plaiwudi watoto huzimaliza kwa muhula mmoja. Na ziwe tayari shule ikifunguliwa.

Bi Robo alikubali kabla hajamaliza kumsikiliza. Alijifunza alfabeti ya nukta nundu kwa siku nne. Akapata njia yake: mashine itoboe vitundu vidogo, kisha yeye agongelee ndani ya kila kitundu kigoroli cha chuma kisichozidi mbegu ya ufuta, kichwa chake kibaki nje. Nukta na nukta ni milimita mbili na nusu. Kwa mwanamke aliyeishi miaka thelathini na mmoja akikemea robo inchi, hiyo ilikuwa kama kuitwa nyumbani.

Mbao sita za kwanza alizipeleka mwenyewe, zimefungwa kwa khanga. Mwalimu alizipokea ofisini kwake, akaweka vidole juu ya ule wa kwanza. Akauzungusha. Akarudia.

"Bi Robo, hili ni nini?"

"Duara, Mwalimu."

"Hili ni yai." Akachukua mwingine, uliochongwa uso wa saa, akapitisha kidole kwenye jina. "Na hapa umeandika nini?"

"Saa."

"Mimi nasoma 's', halafu 'c'. Sss-ch. Labda ni saa ya daktari wa meno, inalia kama mashine yake."

Bi Robo hakucheka. Alikodoa macho kwenye vile vigoroli mpaka akaona. Herufi 'a' ni nukta moja tu. 'A' mbili zilizofuatana zilikuwa zimesogeleana mpaka zikawa nukta mbili za herufi moja, na hiyo ni 'c'. Alikuwa amezigonga mwenyewe, moja moja, bila kushuku.

"Nirudishie," alisema. "Zote."

"Sikusema mbaya. Nimesema yai."

"Mwalimu, nirudishie mbao zangu."

Alirudi nyumbani uso umemshuka, akaifungulia mashine apate kuona ubaya ulipo. Haikumchukua muda. Daraja na kigari vilivutwa na mikanda ya mpira yenye meno madogo, kama mnyororo wa baiskeli lakini laini. Kwenye plaiwudi nyepesi mikanda ilitosha. Kwenye mbao ngumu, mota ya kukatia ilipokutana na fundo, kigari kilikataa, mkanda ukavutika kidogo kama lastiki ya soksi, na mara nyingine ukaruka meno mawili: tak-tak. Mashine haikujua kwamba imerushwa. Iliendelea na kazi kwa uaminifu wote, ikiwa imepotea milimita nne.

Akaikaza mikanda. Mota zikaguna na duara likatoka yai la upande wa pili. Akailegeza, mambo yakawa mabaya zaidi. Akampigia simu fundi wa mabango.

"Hata ukaze namna gani," fundi alisema, "mpira ni mpira. Vua mikanda hiyo, weka skrubu. Ile ya juu-chini si unaona ina skrubu? Basi na hizi nyingine zifanye hivyo hivyo. Skrubu moja kwa kigari, mbili kwa daraja, kila upande yake. Mota ikizunguka, skrubu inazunguka, nati inatembea. Hairuki wala haivutiki."

Alimwelekeza kwenye duka la beringi. Muuzaji wa pale alimtolea fimbo tatu za chuma zinazong'aa, zenye hesi pana, ile mifereji inayojizungusha, na nati zake za shaba. Lakini ncha zake zilikuwa nene, haziingii kwenye beringi wala kwenye kiungo cha mota.

"Hizi lazima zikerezwe, zipunguzwe ncha kwa mashine," muuzaji alisema. "Na zile mbili ziwe sawa kama pacha, la sivyo daraja litakwenda mshazari. Usimpe mtu yeyote tu. Ukimpa asiyejua, atazipinda. Mjini hapa namwamini mtu mmoja, yule mkerezaji wa nyuma ya kituo cha mafuta. Unamjua?"

"Namjua," Bi Robo alisema. "Nilikuwa mke wake miaka kumi na mmoja."

Muuzaji akajifanya anatafuta karatasi ya kufungia.

Waliachana miaka kumi na tisa nyuma. Hapakuwa na kupigana wala mwanamke wa pembeni. Yeye Bi Robo alikuwa mtu wa vipimo na mume wake mtu wa kufungua vitu. Alifungua saa, redio, pampu, akavitandaza kwenye meza ya kulia, akaelewa namna vinavyofanya kazi, na akishaelewa hamu ilimwisha. Mlango wa chumba cha kulala ulikaa miaka minne bila kitasa, umefungwa kwa kamba, katika nyumba ya fundi chuma. Siku moja Bi Robo alichoka na kamba. Tangu hapo, aliyemuuliza habari za mtalaka wake alijibiwa, "Yule hajui kumaliza kitu," na mazungumzo yakaishia hapo. Walikutana mara moja tu, kwenye harusi ya binti yao. Walisalimiana vizuri, wakakaa kila mmoja kwenye kona yake ya ukumbi.

Siku mbili skrubu zilikaa nyuma ya kabati. Siku ya tatu Bi Robo alijiambia kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, akazibeba begani kama mtu aliyebeba fimbo za pazia, mota moja na beringi kwenye kikapu, akaenda.

Karakana ya mkerezaji ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya mafuta na chuma cha moto. Mashine ya kukereza ilikuwa katikati, nzito, ya rangi ya kijani iliyobabuka, na chini yake vinyweleo vya chuma vimejikunja kama nywele sakafuni kwa kinyozi. Mezani karibu na mlango alikaa mke wa mkerezaji, mwanamke mfupi mwenye kalamu nyuma ya sikio, aliyeandika kazi za wateja na kujibu simu. Alimtambua mgeni mara moja, kwa picha za harusi ya binti.

"Karibu, dada. Karibu ndani. We Baba! Zima hiyo mashine, una mgeni."

Mkerezaji aligeuka. Alikuwa ameota mvi na miwani yake ilishikiliwa na waya upande mmoja. Alifungua mdomo, akatafuta jina la kumwita, na katika majina yote aliyowahi kumwita alichagua lililo salama.

"Bi Robo."

"Shikamoo sikupi, tumelingana," Bi Robo alisema. "Nina kazi."

Akamweleza yote: mashine, mikanda, mbao za wasioona, yai, saa ya daktari wa meno. Mkerezaji hakumkatiza. Alizichukua skrubu, akazilaza moja moja juu ya kioo kinene, akazizungusha kwa kiganja huku ameinamisha kichwa anachungulia chini yake.

"Hii imepinda."

"Ni mpya."

"Ni mpya na imepinda. Kwa unywele. Nitainyoosha." Akapima mota aliyomletea, akapima beringi, akaandika kwa chaki kwenye mwili wa mashine yake. "Njoo Alhamisi."

Bi Robo alitoka akiwa na hakika kwamba atazikuta tayari Alhamisi ya mwezi ujao. Njiani alishaanza kutunga maneno atakayomwambia.

Jumatano asubuhi mlango uligongwa. Ni mke wa mkerezaji, na skrubu tatu zimeviringishwa kwenye gazeti, ncha zake zimepakwa grisi na kuvishwa mifuko ya plastiki.

"Amesema ukiziingiza kwa nyundo atajua," mwanamke alisema, akacheka. "Amekesha nazo moyoni, dada. Ile iliyopinda ameinyoosha mara tano. Mimi nikamwambia imenyooka, akaniambia wewe humjui yule mama."

Bi Robo alizifungua mezani, akachukua kalipa yake, koleo la kupimia unene, akapima ncha ya kwanza. Akapima ya pili na ya tatu. Akazilinganisha zile pacha kwa kuzisimamisha wima na kupitisha ukucha juu. Ukucha haukushika kitu. Akazipima tena zote, kama mtu aliyeambiwa habari ya mtu mwingine.

"Keti, tunywe chai," hatimaye alisema.

Kuzifunga alitaka kuzifunga mwenyewe, na alizifunga. Alivua mikanda, akaikunja vizuri akaiweka kwenye bati la biskuti. Akafunga beringi, akapitisha skrubu, akakaza nati za shaba kwenye daraja mpaka spana ikalia. Siku nzima. Jioni alipowasha, daraja lilikwenda vizuri sana katikati, kama kisu kwenye siagi. Lakini lilipokaribia mwisho wa reli, mota ilianza kulia, ikapiga kelele, ikakwama. Akalirudisha. Katikati linateleza, mwishoni linalia. Kesho yake alirudia kufunga upya. Likalia tena.

Alimpigia binti yake, kwa kisingizio cha kumjulia hali.

"Mama," binti alisema baada ya kusikiliza, "mimi nachoma sindano. Mpigie Baba."

"Ameshanifanyia kazi moja. Nisimsumbue."

"Wewe unaogopa kumsumbua au unaogopa kwamba atajua?"

"Ulimi huo umeutoa wapi?"

"Kwenu nyote wawili."

Mkerezaji alikuja Jumamosi saa nne asubuhi, na mke wake, kwa sababu mke wake alisema hawezi kukosa. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia nyumba hiyo tangu aondoke. Alipita kwenye ukumbi bila kutazama huku na huku, kwa adabu ya mtu anayepita chumba cha wagonjwa. Mbele ya mashine aliweka mikono nyuma ya mgongo na hakuitoa tena.

"Iendeshe," alisema. Bi Robo akaiendesha. Ikalia mwishoni. "Nati ulizikaza daraja likiwa wapi?"

"Katikati."

"Ndiyo maana. Skrubu ndefu ikiwa katikati inakuvumilia, inajipinda kidogo inakufuata. Ukifika mwisho, pale iliposhikwa na beringi, haina pa kujipinda, basi inakubana. Legeza nati zote. Zote. Peleka daraja mpaka mwisho kabisa, libusu beringi. Hapo nati itajikalia yenyewe inapotaka. Ndipo ukaze. Kisha upande wa pili hivyo hivyo."

"Shika spana, uniwekee."

"Hapana. Mashine yako."

Basi akalegeza mwenyewe, magotini, na yule bwana akimwelekeza kwa kidevu. Alipolegeza nati ya upande wa kushoto, ilishuka kidogo, unene wa karatasi mbili, ikatulia. Wote watatu waliiona ikishuka.

"Hiyo hapo," mkerezaji alisema. "Hiyo ndiyo ilikuwa inalia."

Alikaza, akawasha. Daraja lilikwenda kutoka mwisho hadi mwisho kwa mlio mmoja, laini, usiobadilika. Likarudi. Mke wa mkerezaji alipiga makofi. Bi Robo alikuwa bado amepiga magoti, mkono juu ya reli, anasikiliza.

"Haya, chonga kitu," mkerezaji alisema.

Akaweka kipande cha mbao ngumu, akaichagulia kompyuta mraba wa sentimita kumi, rahisi kupima. Mashine ilianza kwa heshima zote. Ikakata, ikageuka, ikakata, ikageuka, ikasimama. Wakainama kutazama. Ulikuwa mraba mzuri sana, pembe zake kali, na ulikuwa wa sentimita mbili.

Mkerezaji alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, akavua miwani yake yenye waya akafuta machozi. "Ni kweli ni mraba," alisema. "Huwezi kusema si mraba."

"Nyamaza nihesabu," Bi Robo alisema, lakini naye midomo ilikuwa inamcheza. Alipima. Sentimita mbili kamili, si pungufu wala zaidi. Kosa lililo kamili hivyo, alijua tangu karakana ya sare, si kosa la mkono, ni kosa la kipimo. Kumi ikawa mbili: moja ya tano. Alichukua mkanda wa zamani akaupima kwenye gurudumu lake la meno. Mota ikizunguka mara moja, mkanda ulisogea milimita arobaini. Akaizungusha skrubu mara moja kwa vidole, akapima nati ilivyotembea: milimita nane. Arobaini ukigawa kwa nane ni tano.

"Inafikiri bado imevaa mikanda," alisema taratibu. "Ninapoiambia iende sentimita kumi, inazungusha mizunguko ya mkanda. Skrubu inataka mizunguko mara tano." Akaketi kwenye kompyuta, akatafuta ukurasa ambao fundi wa mabango alimwonya asiuguse, akaikuta namba themanini, hatua za mota kwa kila milimita, akaifuta, akaandika mia nne.

Mraba wa pili ulitoka sentimita kumi. Akaupima kwa kalipa mara nne, kila upande, kisha akaupima kutoka pembe hadi pembe.

"Mimi hapo nisingefika," mkerezaji alisema. Hakucheka sasa. "Ningefungua mashine nzima kutafuta."

"Najua," Bi Robo alisema. "Ungeitandaza kwenye meza ya kulia."

Aliposema hivyo aliogopa kwamba amekosea. Lakini mkerezaji aliitikia kwa kichwa, na mke wake akasema, "Dada, mpaka leo anatandaza. Ila nimemnunulia meza yake."

Mke wake alikwenda jikoni kuchemsha maji, akakawia huko, na sidhani kama ni kwa kusahau njia ya kurudi. Bi Robo alikuwa akifagia unga wa mbao kwa brashi, ingawa palikuwa safi.

"Nina jambo," alisema bila kuinua macho. "Miaka yote hii, watu wakiniuliza habari zako, nawaambia hujui kumaliza kitu. Nimelisema sana. Nimelisema kazini, nimelisema kwa ndugu zako. Na hizi skrubu umezimaliza kabla ya siku, na nimezipima, na sijawahi katika maisha yangu kupima kitu nikakosa la kusema. Nakushukuru. Na kwa lile neno, unisamehe."

Mkerezaji alitazama mashine.

"Kitasa kweli sikuweka," alisema.

"Hukuweka."

"Basi halikuwa neno la uongo." Akawa anazungusha miwani mkononi. "Na mimi nina langu. Yule binti hajawahi kunitazama kwa jicho baya hata siku moja. Simu ananipigia, likizo anakuja, mume wake ananiita baba kwa moyo. Mtoto hazaliwi na jicho zuri kwa baba aliyeondoka. Kuna mtu amemlea hivyo. Nilikuwa nangoja mahali pa kukushukuru, sikupapata. Niliogopa ukija na kazi nikianza na maneno utaondoka na skrubu zako."

"Ningeondoka," Bi Robo alikubali.

Mke wa mkerezaji akaingia na chai, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akawagawia sukari bila kuuliza kitu.

Mbao arobaini zilikamilika siku tano kabla ya shule kufunguliwa. Mashine sasa ilikwenda polepole kuliko zamani. Skrubu haina haraka ya mkanda, na ubao uliokuwa ukichukua nusu saa ulichukua saa nzima. Bi Robo hakulalamika. Alikaa pembeni yake kwenye stuli, akigongelea vigoroli vya ubao uliopita huku akisikiliza wa sasa ukichongwa, na hakusikia tak-tak hata mara moja. Fundi wa mabango alipita kuona, akaomba apigwe picha akiwa kando ya skrubu. Bi Robo alimkatia bango dogo la duka lake, zawadi, kwa zile Jumamosi tatu.

Mwalimu alizikagua zote arobaini, ofisini kwake, mlango umefungwa, Bi Robo amekaa mbele yake mikono mapajani kama mwanafunzi. Ilichukua saa moja na nusu. Kwenye duara alipitisha kidole mara tatu, akaendelea bila kusema kitu, na kwake kutosema kitu kulikuwa sifa. Alipofika mwisho alizipanga, akaegemea kiti.

"Unajua," alisema, "mimi nimefundisha duara miaka ishirini na miwili. Nalijua kwa hesabu, naweza kukupa eneo lake na mzingo wake hata usingizini. Lakini nilikuwa na miaka tisa macho yalipokwenda, na ninachokumbuka ni mfuniko wa sufuria ya mama yangu, ambao ulikuwa umebonyea." Akagusa ubao tena. "Kumbe ndivyo lilivyo. Ahsante, Bi Robo."

Alitoka hapo akitembea polepole. Mimi ni jirani yake, naishi mlango unaofuata, na siku hiyo alisimama kwangu kabla hajaingia kwake, jambo asilolifanya. Alinihesabia watu: fundi wa mabango, muuzaji wa beringi, mke wa mkerezaji, mkerezaji mwenyewe, Mwalimu kwa kumwambia yai badala ya kumnyamazia. Alisema hajui mtu akiwa na deni la namna hiyo aanzie wapi. Nikamwambia aanze na yeyote aliye karibu.

Aliye karibu akawa mke wa mkerezaji. Yule mwanamke alikuwa na cherehani nzuri nyumbani na hamu ya miaka mingi ya kujishonea, ila kila gauni alilokata lilimvuta mabegani. Sasa huja kila Jumamosi na kitambaa chake. Meza ya kulia husafishwa, chaki hutolewa, na kutoka kwangu nawasikia kupitia ukuta, Bi Robo akieleza kwa nini bega moja la mtu halifanani na jingine, na mwenzake akicheka kwa sauti kubwa. Wiki iliyopita alitoka pale amevaa gauni la bluu alilolikata mwenyewe tangu mwanzo. Aligonga kwangu anionyeshe. Lilikuwa limemkaa.